Kuponi Nyeusi za Min Achieng'

Krrrrr-chak.

Hiyo ndiyo sauti. Hata sasa nikiwa kwenye duka langu dogo hapa Kosele, nimeinama napanga chumvi, pikipiki ikipita na breki zilizochoka nainua kichwa nikidhani risiti imetoka. Krrrrr, karatasi inateremka. Chak, kisu kidogo ndani ya mashine kinaikata. Halafu, kama mteja alikuwa na bahati, ilifuata krrr nyingine fupi, kama mgeni aliyeaga, akakumbuka kitu, akarudi mlangoni. Ile fupi ndiyo ilikuwa kuponi.

Wasichana wangu, nimesikia mmeajiriwa kwenye lile duka la bei ya chini pale Homa Bay, lile tuliloliita Kwa Manjano kwa sababu ya kuta zake. Nimesikia pia mnalalamika kwamba kazi ya till, ile kaunta ya kulipia, ni kukaa tu na kusema "anayefuata". Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mimi nimestaafu kazi hiyo. Mama yangu akinisikia nikisema "nimestaafu" anacheka mpaka anashika ukuta. "Mstaafu gani hana hata mvi moja?" Namwambia, Mama, mvi si barua ya kustaafu. Niliingia kwenye till nikiwa msichana aliyeachia shule kidato cha pili, nikakaa Homa Bay, nikapelekwa Migori, nikarudishwa Homa Bay, mpaka nikapata kibanda changu mwenyewe. Kazi niliijua, nayo ikanijua. Mtu akishafika hapo anaweza kustaafu kwa umri wowote anaotaka.

Na niwaambie mapema, bila aibu: kuna nyumba nyingi hapa kwetu zilizooga kwa sabuni nzuri kwa sababu yangu. Mnacheka? Endeleeni kusoma.

Aliyenifundisha ni Mama Jael, mkuu wa till zote. Alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likianza kushuka alikuwa ameshavua aproni, na hata meneja alijua asimsumbue tena mpaka Jumapili. Siku yangu ya kwanza alinijia na roli ya karatasi mkononi.

"Lete kidole."

Nikampa.

"Siyo hicho. Chenye kucha."

Akanishika kidole gumba, akakiburuta kwa nguvu juu ya ile karatasi nyeupe. Mstari mweusi ukatokea. Niliruka nyuma, nikidhani nimeharibu mali ya duka.

"Usiogope, nyathina," akasema. Hilo ni neno la kwetu la kumwita mtoto wako, na yeye aliniita hivyo hata siku aliponigombeza. "Karatasi hii haina wino. Inaandikwa kwa joto. Ndani ya mashine kuna chuma chembamba kinachopata moto, karatasi ikikigusa inageuka nyeusi. Hata kucha ikiisugua inatosha. Sasa, upande mmoja tu ndio unaoandika. Kabla hujaweka roli, kwaruza ujue ni upande gani. Ukikosea, utawapa watu karatasi tupu mpaka wakuite mchawi."

Bila shaka nilikosea. Siku moja foleni ikiwa ndefu niliweka roli kinyume, risiti ikatoka nyeupe pe. Mwanamume mmoja wa boda boda akaigeuza huku na huku, akainusa, akaniuliza, "Dada, hii ni risiti ama ni tishu? Kwa sababu kama ni tishu, niongeze."

Tangu siku hiyo sikuweka roli bila kukwaruza. Na kucha ilikuja kunisaidia kwa njia nyingine pia, kwa sababu peni hazikai kwenye till. Hilo mtalijua wenyewe. Ukiweka peni asubuhi, saa nne imeshapanda matatu. Mama Jael alizifunga kwa kamba kwenye kaunta, watu wakachukua peni wakaiacha kamba. Basi nikitaka kukumbuka jambo, napasua kipande cha karatasi ya till, naandika kwa kucha. Mwandiko wenyewe kama wa kuku, lakini unasomeka.

Kuponi zilipoletwa, wateja walituona kama matapeli. Mashine inatoa risiti, halafu inatoa karatasi nyingine inayosema ukirudi kabla ya tarehe fulani utapunguziwa bei ya sabuni, au mafuta ya kupikia, au dawa ya meno. Watu wakaziacha kwenye kaunta. Wengine walizikunja wakachokoa meno. Meneja wetu, Bwana Odera, kijana nadhifu aliyependa tai hata kwenye joto la ziwani, alitukusanya akatueleza kuhusu "uaminifu wa mteja". Tukaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeelewa.

Mimi nilielewa nikiwa sokoni, kwa muuza omena. Mnajua omena inavyopimwa. Mama anajaza gorogoro, ule mkebe wa kupimia, mpaka mdomoni. Halafu anatia ngumi moja juu, omena zinamwagika pembeni. Hiyo ngumi ndiyo nyongeza. Asipoitia unamwambia "Medna," niongezee, na akikataa hurudi kwake maisha yako yote. Siyo kwamba ngumi ile ni chakula cha siku mbili. Ni kwamba amekuona.

Kesho yake mama mmoja alipotaka kuniachia kuponi yake, nikamwambia, "Mama, hiyo ni nyongeza. Tofauti ni kwamba hapa hatutii leo, tunatia siku ukirudi."

Akaichukua. Akaikunja vizuri, akaifunga kwenye pembe ya leso pamoja na pesa zake. Nikajua nimepata neno. Kufikia mwisho wa mwezi watu walikuwa hawasemi kuponi. Walikuwa wanafika kwenye till namba tatu, yangu, wakisema, "Nyar Kosele, nyongeza yangu imetoka?" Nyar Kosele, binti wa Kosele, ndiyo mimi.

Nilipopelekwa Migori kuwafundisha wenzetu wa kule, nilienda na neno hilo kama mtu aliyebeba mbegu. Kule watu ni mchanganyiko, wengine wanatoka karibu na mpaka, Kiswahili chao kizuri kuliko changu. Neno likashika haraka. Ila kuna mzee mmoja mfugaji, koti limepigwa pasi mpaka linakata, alinunua sukari na chumvi. Krrr fupi, ikatoka kuponi ya sabuni ya kuoga. Akaisoma polepole. Akanitazama.

"Binti, unaniambia mimi nanuka?"

"La, baba! Mashine ndiyo inachagua."

"Basi mashine yako haina adabu."

Alirudi wiki iliyofuata na mkewe. Mama akatoa kuponi, akachukua sabuni. Mzee akainama karibu na skrini ya mashine akaiambia, "Nimeoga. Umeridhika?" Foleni nzima ilicheka, na yeye akatoka akiwa mtu maarufu. Kila alipokuja baadaye aliisalimia mashine kwanza, kisha mimi.

Sasa niwape ujuzi wenyewe, kwa sababu mteja atawauliza na meneja hatawafundisha. Kuponi ya kitu ambacho hukuwa unanunua si akiba, ni mtego wenye maua. Nilimwona baba mmoja akinunua dawa ya kung'arisha sakafu kwa sababu ilipunguzwa bei, na nyumba yake nilikuwa naijua, sakafu ni ya udongo. Mwambie mtu kama huyo, kwa upole, aiache. Duka litakosa kidogo leo lakini atakuamini. Sabuni ya mche ichukueni ndefu, ikateni vipande nyumbani, vianikeni juu ya kabati wiki nzima kabla ya kutumia. Sabuni iliyokauka haiishi upesi. Ofa ya nunua mbili upate ya tatu si ya mtu mmoja. Ni ya majirani watatu waliokuja pamoja, na mkiona wanawake watatu wanabishana mbele ya rafu ya mafuta ya kupikia msiwafukuze, wanafanya hesabu nzuri kuliko ya ofisi. Na kuponi isiwekwe juani. Karatasi ile ikikaa kwenye dirisha la gari inafifia mpaka inakuwa nyeupe. Kuhusu moto, ndiyo habari niliyokuja kuwaambia.

Min Achieng', yaani mama yake Achieng', aliuza omena. Alitoka Sindo na magunia yake alfajiri, akauza Homa Bay, na kabla ya kurudi alipita Kwa Manjano. Mikono yake ilikuwa na magamba madogo yanayong'aa, na kila aliponipa pesa aliipangusa kwanza kwenye aproni, kisha akaipuliza. Alikuwa anapita till yangu tu, hata nyingine zikiwa wazi. "Hizo till zingine," alisema, "hazinijui."

Mwaka huo Achieng', bintiye wa kwanza, aliitwa shule ya bweni. Mnajua ununuzi wa kidato cha kwanza ulivyo. Ndoo, beseni, sabuni za kila namna, tishu, pedi, dawa ya viatu, taulo, mafuta ya kujipaka, na sanduku la chuma la kutilia vyote hivyo. Wanafunzi wengine walikuwa wanarudishwa langoni kwa kukosa vitu. Min Achieng' aliniambia mpango wake mapema. Ada ingetoka kwa omena. Vitu vya sanduku, nusu vingetoka kwa pesa na nusu kwa kuponi. Likizo yote ile kila kuponi iliyotoka kwenye mashine aliiweka. Hakutumia hata moja.

Na kwenye kaunta yetu kulikuwa na notisi ya meneja, herufi kubwa: KUPONI ILIYOLOWA AU KUCHANIKA HAITAKUBALIWA.

Fikirieni mwanamke anayefanya kazi na samaki anaposoma maneno hayo.

Kuponi zile zilikuwa zinaisha Ijumaa moja, na Jumatatu Achieng' alitakiwa kuwa shuleni. Ijumaa hiyo alasiri nikasikia sauti yake kabla sijamwona.

"Nyar Kosele! Leo mtanijua!"

Alikuja na Achieng' nyuma yake, msichana mrefu, mpole, amekumbatia sanduku jipya lililokuwa bado linanuka rangi. Wakapanga vitu kwenye kaunta mpaka sikumwona mtu wa nyuma. Kisha Min Achieng' akatoa bahasha kubwa kifuani, na ndani ya bahasha akatoa karatasi ngumu ya plastiki, inang'aa. Akailaza mbele yangu kwa mikono miwili, vile watu wanavyolaza cheti.

"Nimezifanyia lamineti," akasema. "Hata zikianguka ziwani zitaogelea."

Zote zilikuwa nyeusi.

Zilikuwa zimepangwa kwa upendo, kando kwa kando, hakuna iliyopinda, nyeusi ti, kama picha za familia zilizopigwa gizani. Mashine ya lamineti inafanya kazi kwa moto. Na mnakumbuka karatasi yetu inaandikwa kwa kitu gani.

"Mtu wa cyber aliyezitia plastiki hakukuambia kitu?" nikauliza.

"Alishtuka kidogo. Halafu akasema ni joto tu, zitarudi zikipoa." Sauti yake ikapungua. "Nimezilaza chini ya mtungi wa maji usiku mzima. Lakini macho ya mashine si kama yetu, sivyo? Mashine itaona."

Nikapitisha taa nyekundu ya mashine juu yake. Ikapita kama tochi juu ya sufuria iliyoungua. Nikapitisha tena. Mashine ilikaa kimya. Nilijua itakaa kimya, lakini nilipitisha mara ya tatu kwa sababu sikutaka kuinua uso.

Bwana Odera akaja akirekebisha tai. Akaitazama ile plastiki.

"Mama, notisi ilisema..."

"Notisi ilisema zisilowe," Min Achieng' akamkata. "Hizi zimelowa? Ikasema zisichanike. Onyesha palipochanika."

Bwana Odera akaisoma notisi yake mwenyewe. Akaisoma tena. Nyuma mtu akasema, "Amefuata sheria huyo! Amefuata kuliko sisi wote!"

"Nakubali, mama," akasema meneja, na sikuona ubaya usoni mwake, niliona mtu aliyekwama. "Lakini mashine haiwezi kupunguza bei kwa kitu isichokisoma. Na mimi siwezi kuiandikia ofisi kuu kwamba nilipokea karatasi nyeusi."

Na hapo, wasichana wangu, angalieni vizuri, kwa sababu hii ndiyo shule yenyewe. Achieng' aliweka sanduku chini, akanyoosha mkono, akaanza kurudisha vitu. Hakuanza na mafuta ya kujipaka. Hakuanza na biskuti. Alichukua pakiti za pedi, akazisogeza pembeni, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hizi nitaomba kwa wenzangu."

Mteja akikosa pesa, tazama anaanza kutoa nini. Mara nyingi kitu cha kwanza kutoka ndicho anachokihitaji kuliko vyote, ila anaona aibu kukipigania. Nilifunika zile pakiti kwa kiganja changu.

"Ngoja," nikamwambia. "Usiguse kitu."

Nilikuwa sina mpango. Niliangalia karatasi nyeusi, nikaangalia mashine, nikafikiria ile krrr fupi. Kila moja ya kuponi hizo ilikuwa imelia hapa, mbele ya masikio yangu. Karatasi imesahau. Lakini mashine iliyoandika, je?

"Meneja," nikasema, "risiti iliyopotea si huwa tunaitoa upya kwa kadi yako? Na kuponi si iko mkiani mwa risiti?"

"Ukinipa tarehe na till, ndiyo."

"Till ni hii. Hajawahi kupita nyingine."

"Na tarehe?"

Tukamgeukia Min Achieng'. "Tarehe ni vitu vya watu wa ofisi," akasema, machozi yako karibu. "Mimi nakuja tu."

Foleni ikaanza kunung'unika. Nikakumbuka soko, jinsi mama zetu wanavyohesabu miaka bila kalenda.

"Achana na tarehe, min wa," nikamwambia, yaani mama yetu. "Ile ya kwanza kabisa, siku hiyo ulikuwa umetoka wapi?"

Akafikiri. "Matangani. Kwa shemeji yangu. Nilipita kuchukua majani ya chai na sukari ya waombolezaji."

"Shemeji yupi?" sauti ya mama mmoja nyuma. "Yule fundi wa injini za boti?"

"Huyo huyo."

"Huyo tulimzika siku shule zilipofungwa! Watoto wangu walikuja na masanduku moja kwa moja mazishini!"

Meneja alijua siku shule zilipofungwa, kwa sababu siku hiyo tuliuza sana. Akapitisha kadi, akabonyeza, akateremsha orodha ya till yangu. Majani, sukari, kiberiti.

Krrrrr-chak. Krrr.

Sijawahi kusikia foleni ikipiga makofi kwa ajili ya risiti. Ile siku nilisikia.

"Ya pili!" wakapiga kelele. Tangu hapo haikuwa foleni tena, ilikuwa baraza.

"Ya pili ni ile siku ya mvua ya mawe," akasema Min Achieng', sauti inaanza kurudi. "Nilijikinga hapa mlangoni."

"Hiyo ilikuwa Jumatano," akasema mwanamume wa boda boda aliyekuwa kwenye foleni. "Mabati yangu yalitoboka Jumatano."

"Mabati yako yalikuwa yametoboka tangu zamani, Jumatano yalipata sababu tu," akajibiwa na mama mmoja, watu wakacheka. "Ilikuwa Alhamisi. Mimi nilikuwa naanua omena Alhamisi, zikarudi zote kuwa mbichi."

Meneja akatafuta Jumatano, hakuna. Akatafuta Alhamisi. Krrrrr-chak. Krrr.

Nyingine nilizikumbuka mwenyewe. Siku stima ilipopotea, mashine ikabaki kwenye betri, na nikampa risiti kwa mwanga wa simu. Siku Achieng' alipoitwa shule, mama yake akacheza ngoma hapo hapo kati ya till mbili mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Achieng' aliposikia hiyo alificha uso nyuma ya sanduku, lakini alikuwa anacheka. Kuponi zikatoka moja baada ya nyingine, nyeupe, safi, vitu vikawa vinarudi kutoka pembeni kuja katikati ya kaunta.

Ikabaki moja. Min Achieng' alishika kichwa. Haikuwa siku ya matanga, wala ya mvua, wala ya furaha. Ilikuwa siku ya kawaida tu, na siku ya kawaida haina mkono wa kuishika. Tulijaribu. Foleni nzima ilijaribu. Haikupatikana, na kilichokuwa kimebaki pembeni ni zile pakiti za pedi, chini ya kiganja changu.

Jua lilikuwa limeteremka mpaka kwenye mlango. Mama Jael alikuwa ameshavua aproni, mkoba begani, nilidhani ameshaenda.

"Hiyo moja tuiache," akasema Bwana Odera taratibu. "Tumefanya kazi nzuri."

Min Achieng' akamtazama. "Basi nipe nyongeza."

"Mama, supamaketi haina nyongeza."

"Meneja," akaita Mama Jael kutoka mlangoni, "omena unazobeba nyumbani kila wiki unanunua kwa nani?"

Bwana Odera akashika tai. "Kwa... kwa huyu mama."

"Anakupimia gorogoro mpaka mdomoni, au anatia ngumi juu?"

"Anamtia ngumi mbili!" akajibu yule wa boda boda. "Mimi nimeona kwa macho yangu! Mimi mwenyewe natiwa moja!"

"Na ngumi ya Min Achieng' si ya mtoto," akaongeza mwingine.

Bwana Odera akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka tai ikalegea. Kila meneja ana ruhusa ya kupunguza bei ya kitu kwa mkono wake, mtaijua hiyo, ila hutaki kuitumia ovyo kwa sababu ofisi kuu inaona. Akapitisha kadi. Skrini ikafungua kisanduku kinachouliza sababu.

"Andika sababu," akaniambia.

"Niandike nini?"

"Si unajua? Andika nyongeza."

Nikaandika kwa herufi kubwa. Risiti ilipotoka, ndefu kama mkanda wa harusi, mkiani ilikuwa imeandikwa hivyo: NYONGEZA. Nadhani ni duka la kwanza la mashine kulikiri neno hilo kwenye karatasi yake, na vidole vilivyoliandika ni hivi vyangu.

Mama Jael hakungoja kushukuriwa. Aliinua mkono, akatoka kwenda kuipokea Sabato yake. Vitu vilijaa sandukuni mpaka kifuniko kikakataa. Achieng' akakaa juu yake, mama yake akabana kufuli, mwanamume wa boda boda akalinyanyua akilalamika kwamba wamefungasha mawe. Min Achieng' alinishika mikono yote miwili kwa magamba yake. "Ero kamano, nyar Kosele," akasema. Asante. Kisha akakumbuka ile plastiki kwenye kaunta. "Hiyo aibu yangu, itupe."

Sikuitupa.

Foleni ilipoisha, nilibaki peke yangu kwenye till tatu. Meneja alikuwa ofisini anaongea na simu. Nikaitazama notisi yake, ile ya kulowa na kuchanika, nikaona ina shimo kubwa ambamo mama mwerevu alitumbukia kwa kuwa mwangalifu mno. Nikatafuta peni. Kamba ilikuwepo, peni hakuna.

Nikavuta karatasi kutoka kwenye roli, kipande kirefu, nikakikata kwa mkono. Nikakwaruza pembeni nijue ni upande gani. Kisha nikaandika kwa kucha, nikibonyeza kila herufi mpaka kidole kikauma:

KUPONI HAITAKI MOTO. IKIHARIBIKA NJOO TILL TATU TUKUMBUKE PAMOJA.

Nikaibandika kwa selotepu chini ya notisi ya meneja, na pembeni yake nikabandika ile plastiki nyeusi ya Min Achieng', watu waone. Mwandiko wa kucha hufifia ukipigwa na mwanga, nilijua. Ulipofifia niliandika upya, na nikaandika upya, mpaka siku niliyovua aproni.